Barazani Glasgow: kisa cha dakika nne za Elizabeth Wathuti

Jumatatu tarehe 1 Novemba 2021, Elizabeth Wathuti wa Kenya alipanda jukwaani mjini Glasgow, Uskoti, akiwa amepewa dakika nne. Alikuwa na umri wa miaka 26. Ilikuwa sherehe ya kufungua kikao cha wakuu wa nchi katika COP26, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi wa mwaka huo, na waliozungumza siku hiyo hiyo ni Boris Johnson, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi mwenyeji, António Guterres wa Umoja wa Mataifa, Mwanamfalme Charles, mtangazaji mkongwe wa habari za viumbe David Attenborough na Mia Mottley, Waziri Mkuu wa Barbados. Viongozi wa nchi na serikali zaidi ya 100 walikuwa wamefika mjini. Vijana wenzake wawili nao walipewa nafasi: Brianna Fruean wa Samoa na Txai Suruí, binti wa jamii za wenyeji wa msitu wa Amazon nchini Brazil.

Wengi wetu Afrika Mashariki tuliiona hotuba ile kwenye simu, ikatugusa, tukaisambaza. Mimi nimeirudia mara nyingi tangu wakati huo, na kila nikiirudia nabaki na swali ambalo naona kila kijana anayetamani kwenda mkutano wa tabianchi angelijibu kabla ya kufunga begi. Ukipewa kipaza sauti mbele ya wakubwa wa dunia, umepewa nini hasa?

Jibu langu nalitanguliza ili msomaji alipime njiani. Wathuti alikaribishwa barazani, na barazani alisema vizuri kuliko wengi waliomzidi umri na cheo. Lakini shauri lilikatwa ndani, katika vyumba vingine, na watu wengine, kwa siku kumi na mbili zilizofuata.

Alikotoka

Alilelewa Nyeri, kaunti iliyoko kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, nchi ya misitu na vijito. Ni huko huko alikozaliwa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Wathuti alipanda mti wake wa kwanza akiwa na miaka saba. Sekondari alianzisha klabu ya mazingira, na alipofika Chuo Kikuu cha Kenyatta akawa kiongozi wa klabu ya mazingira ya pale. Mwaka 2016 alianzisha shirika lake, Green Generation Initiative, ambalo kazi yake kubwa ni kupanda miti ya matunda na watoto wa shule.

Hili la matunda lisipitwe haraka. Kupanda miti kwetu kumekuwa desturi ya siku za wageni rasmi: shimo limechimbwa tayari, mgeni anaweka mche, anamwagia maji kwa kopo, picha inapigwa, msafara unaondoka. Ukirudi pale Januari, jua likiwa kali, unakuta kijiti. Mwembe au mparachichi uliopandwa na mtoto wa darasa la nne una mlinzi, kwa sababu mtoto anajua kitu gani kinamngoja juu ya tawi. Ndiyo maana katika hotuba yake Wathuti alihesabu miti iliyofika ukomavu, akataja miti ya matunda 30,000. Angeweza kuhesabu miche iliyogawiwa na kupata hesabu ya kupendeza zaidi. Aliyezoea kufuatilia mche mpaka uzae ana namna yake ya kusema ukweli, na mimi naisikia hotuba nzima ikiwa na tabia hiyo.

Alipoondoka Kenya kwenda Glasgow, nchi ilikuwa katika ukame. Vuli ya 2020 ilikosa, masika ya 2021 yakakosa. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa. Watu zaidi ya milioni mbili walikuwa wanahitaji msaada wa chakula, wengi wao wafugaji wa kaskazini na kaskazini mashariki, katika kaunti kama Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir.

Mlangoni

Mkutano wenyewe ulikuwa ufanyike Novemba 2020, ukaahirishwa mwaka mzima kwa sababu ya korona. Kwa mtu wa Nairobi, korona ilikuwa na maana ya ziada. Uingereza iliiweka Kenya katika orodha nyekundu ya wasafiri tangu Aprili 2021 na ikaiondoa tarehe 22 Septemba, wiki zisizofika sita kabla ya ufunguzi. Kabla ya hapo, msafiri kutoka Kenya alipaswa kujifungia hotelini siku kumi. Chanjo zilikuwa chache Afrika, na Uingereza ilianza Septemba hiyo kuwapa chanjo wajumbe waliosajiliwa ambao nchini kwao hazikupatikana. Ongeza viza, ongeza nauli, ongeza vyumba vya kulala vilivyopanda bei mpaka wakazi wa Glasgow wakaanza kuwakaribisha wageni majumbani mwao. Kijana wa shirika dogo anayefanikiwa kufika mlangoni amekwisha kushinda vita kadhaa ambavyo mwenzake wa Ulaya, aliyekuja kwa treni, hakulazimika kupigana.

Na hapo mlangoni kuna beji. Mikutano hii inasomeka shingoni mwa watu. Mjumbe wa serikali ana beji ya rangi ya waridi. Mwangalizi, yaani mtu wa shirika, chuo, kundi la vijana, ana ya njano. Beji ya njano hugawiwa kwa hesabu: shirika linapewa nafasi chache, na mara nyingi watu wawili hugawana nafasi moja, huyu wiki ya kwanza, yule wiki ya pili. Vijana wana kundi lao linalotambuliwa rasmi, YOUNGO, na kwa kupitia hilo hupata dakika za kutoa tamko. Lakini mwenye njano akifika mlango wa kikao kidogo cha mashauriano anaweza kuambiwa kwa adabu kwamba kikao hiki ni cha wajumbe wa nchi tu. Glasgow hali ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu ya korona: kila asubuhi kipimo, foleni ndefu nje kwenye baridi, na idadi ya watu ndani ya vyumba ilibanwa. Siku ile ile ya hotuba ya Wathuti, waziri wa nishati wa Israeli, Karine Elharrar, anayetumia kiti cha magurudumu, alishindwa kuingia kwa sababu njia ya kuingilia haikufaa kiti chake. Ikiwa waziri alibaki nje, msomaji na apime hali ya wasio na cheo.

Hotuba yenyewe

Alianza kwa kuwakalisha wasikilizaji mahali pao. Alisema kwamba wakati wao wameketi kwa starehe katika jengo lile la mikutano, Wakenya wenzake zaidi ya milioni mbili wanakabiliwa na njaa iliyoletwa na mabadiliko ya tabianchi. Misimu yote miwili ya mvua ya mwaka ule imekosa, na wanasayansi wanasema huenda ikapita miezi 12 mingine kabla maji hayajarudi. Mito inakauka. Mavuno yanakosekana, ghala ziko tupu, mifugo na watu wanakufa.

Kisha akawaleta watoto watatu. Aliwaona kwa macho yake, wanalia kando ya mto uliokauka, baada ya kutembea na mama yao maili 12 kutafuta maji. Maili 12 ni kama kilomita 19. Mtu mzima mwenye afya na viatu vizuri huenda mwendo huo kwa saa nne au tano. Miguu ya mtoto, kwenye jua la nchi kavu, ni siku nzima. Na anayeijua kaskazini ya Kenya anajua kwamba mto mkavu kwa kawaida si mwisho wa habari. Watu hufukua mchanga kwa sufuria na vikombe, shimo linazama hadi kiunoni, mpaka chini kabisa mchanga unabadilika rangi na maji yanaanza kujikusanya polepole. Ukiijua picha hiyo, kilio cha watoto kando ya mto kinakuwa kizito zaidi.

Hapa alifanya jambo ambalo wasemaji wengi hulikosa. Watu milioni mbili hakuna mtu anayeweza kuwaona kichwani. Watatu na mama yao wanaonekana. Aliwataja wote, wengi kwanza na wachache baadaye, kisha akaenda kwenye haki: watu wa Afrika kusini mwa Sahara wamechangia nusu asilimia tu ya gesi joto zote za kihistoria, na watoto hawajachangia chochote. Hata ukiijumuisha Afrika yote, pamoja na Afrika Kusini na makaa yake ya mawe na nchi za kaskazini zenye mafuta, bara zima linakadiriwa kuwa limetoa karibu asilimia 3 ya hewa ya ukaa ya tangu enzi za viwanda. Hoja yake inasimama.

Kuna sehemu moja ambayo ningependa angeisema vingine, na nasema hivi kwa heshima kwa sababu ndani yake kuna funzo la kazi. Alisema kwamba atakapofika miaka 50, tabianchi itakuwa imewahamisha watu milioni 86 katika Afrika kusini mwa Sahara. Hesabu hiyo inatoka kwenye ripoti ya Benki ya Dunia iliyotolewa Septemba 2021, na ripoti ilisema hadi milioni 86, ifikapo 2050, watu wanaohama ndani ya nchi zao, katika hali mbaya kuliko zote zilizopimwa. Wathuti alizaliwa 1995. Miaka 50 anaitimiza 2045. Na neno “hadi” lilidondoka njiani, likaondoka na habari muhimu ambayo ripoti iliikazia: kwamba idadi hiyo inaweza kushuka sana hatua zikichukuliwa mapema. Hakuna aliyemsahihisha. Katika sherehe hakuna anayekagua takwimu za kijana, kwa sababu hakuna anayetarajia zitumike. Lau angeyasema maneno yale yale katika chumba cha majadiliano, mjumbe wa nchi isiyotaka kulipa angelidaka kosa hilo kwa mikono miwili na kuzungumzia hilo tu hadi muda uishe.

Sasa nifike kwenye moyo wa hotuba. Alisema amekuwa akijiuliza kuhusu safari hii, akitafuta maneno gani yangeweza kuwagusa. Halafu akatambua kwamba kuzifanya dakika nne zake ziwe na maana si kazi yake peke yake. Ukweli wake utafika tu ikiwa wao watakuwa na moyo wa kusikiliza kikamilifu. Kisha akawaomba wote wanyamaze, kwa ajili ya mabilioni ya watu ambao hawapo, ambao habari zao hazisikiki na mateso yao hayahisiwi na mtu.

Fikiria ujasiri wa jambo hilo. Una dakika nne katika maisha yako mbele ya watu hawa, kila sekunde ina thamani, nawe unachukua sehemu yake na kuiacha tupu. Kimya kilikuwa kifupi. Lakini kwa muda ule mfupi kazi ilibadilisha mikono. Kawaida kijana ndiye anayepimwa: amesema vizuri? amelia? ametoa sauti ya kutetemeka? Hapa wakubwa ndio waliokuwa wanapimwa, wamekaa kimya, wanatazamana na walichokwisha kuambiwa. Sijaona kijana mwingine katika mikutano hii aliyeigeuza zamu kwa upole namna ile.

Na hapo hapo ndipo ninapouona upungufu, ambao siuhesabu kuwa wake. Ombi lake la mwisho lilikuwa wafungue mioyo yao. Halikuwa na kipengele wala aya, halikutaja fedha za nani kwenda wapi kufikia lini. Lakini wiki hizo hizo, katika jengo hilo hilo, nchi zinazoendelea zilikuwa zinapeleka mezani pendekezo ambalo lingewahusu watoto wale watatu moja kwa moja. Ungetarajia sauti iliyobebwa na kamera za dunia nzima ilisukume pendekezo hilo. Tatizo ni kwamba anayealikwa kwenye sherehe anaalikwa kwa ajili ya hisia. Waandaaji wanataka ushuhuda, uso, kabila, umri. Mwaliko wa namna hiyo unaiandika nusu ya hotuba kabla mwenyewe hajashika kalamu.

Ndani

Pendekezo lenyewe lilihusu hasara na uharibifu, yaani madhara ambayo yamekwisha kutokea na ambayo hakuna bwawa wala mbegu bora itakayoyarudisha nyuma: ng'ombe waliokufa, shamba lililochukuliwa na bahari, kijiji kilichohamishwa. Nchi zinazoendelea, zikiwa pamoja katika kundi la G77 na China ambalo mwaka huo liliongozwa na Guinea, zilitaka kianzishwe chombo cha fedha kwa ajili hiyo. Nchi tajiri, Marekani na Umoja wa Ulaya zikiwa mbele, hazikukubali. Kwa miaka mingi hofu yao imekuwa ileile: kwamba kulipa ni kukiri kosa, na kukiri kosa ni kufungua mlango wa kudaiwa.

Rasimu ya maamuzi ya mkutano hujadiliwa sentensi kwa sentensi. Maneno yasiyokubaliwa huwekwa ndani ya mabano ya mraba, na vita vyote ni vya kuyatoa maneno kwenye mabano, au kuyafuta pamoja na mabano yake. Kikao rasmi cha wote kina wakalimani wa lugha sita za Umoja wa Mataifa: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Vikao vidogo, ambako maneno hukatwa hasa, huendeshwa kwa Kiingereza tu. Hapo mjumbe wa Burundi au Kongo aliyesoma kwa Kifaransa, akifikiri kwa Kirundi au Kiswahili, anabishana usiku wa manane juu ya tofauti ya maneno mawili ya Kiingereza na wanasheria waliozaliwa nacho. (Siku kumi baada ya Glasgow kumalizika, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Nilifurahi kama wengine. Lakini natamani siku moja nisikie Kiswahili katika vyumba vile pia.)

Vikao vingi huenda kwa wakati mmoja. Nchi kubwa ina mtaalamu kwa kila kipengele na mwingine wa kumpokea akichoka. Nchi ndogo ina watu wachache wanaokimbia kutoka chumba hadi chumba, na wakikosa kimoja, maneno ya kule yanapita bila wao. Wakati huo huo shirika la Global Witness lilipitia orodha ya waliosajiliwa na kuhesabu watu 503 wenye uhusiano na kampuni za mafuta, gesi na makaa ya mawe. Walizidi ujumbe wa nchi yoyote ile. Ujumbe mkubwa kuliko yote, wa Brazil, ulikuwa na watu 479.

Mwisho wake ukawa hivi. Chombo cha fedha hakikupatikana; badala yake yalianzishwa mazungumzo ya miaka mitatu yaliyoitwa Mazungumzo ya Glasgow. Walioomba maji walipewa kikao cha kuzungumzia kiu. Serikali ya kwanza kutaja waziwazi fedha kwa ajili ya hasara na uharibifu ilikuwa ya Uskoti, pauni milioni mbili, na Uskoti haikuwa hata mwanachama wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi kwa jina lake. Ahadi ya nchi tajiri ya tangu Copenhagen mwaka 2009, ya kuzipa nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya tabianchi kufikia 2020, ilikuwa imekwisha kuvunjwa, na ilikuja kutimia mwaka 2022. Palikuwa na faida pia, nisiifiche: nchi tajiri ziliombwa kuongeza angalau mara mbili fedha za kusaidia nchi zinazoendelea kuhimili tabianchi kufikia 2025, na hilo ni jambo la mkulima na mfugaji.

Jumamosi tarehe 13 Novemba, mkutano ukiwa umepita muda wake kwa siku nzima, India, ikiungwa mkono na China, ilidai neno moja kuhusu makaa ya mawe libadilishwe: mahali palipoandikwa kuyaondoa hatua kwa hatua, paandikwe kuyapunguza. Likabadilishwa. Rais wa mkutano, Alok Sharma, aliomba radhi na sauti ikamkatika mbele ya watu wote. Wathuti alikuwa amezungumza siku kumi na mbili kabla.

Desturi ya zamani

Kijana wa jukwaani ni desturi ya zamani. Rio de Janeiro mwaka 1992 msichana wa Kanada wa miaka 12, Severn Cullis-Suzuki, aliwahutubia wakubwa wakanyamaza. Durban mwaka 2011 Anjali Appadurai aliwasemea vijana. Katowice mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Greta Thunberg, akiwa na miaka 15. Kila mmoja alipigiwa makofi. Ukiziweka hotuba hizo pamoja na mchoro wa gesi joto zilizotolewa tangu 1992, mchoro unapanda tu.

Kwa kijana wa Afrika kuna pigo jingine juu ya hilo. Januari 2020 huko Davos, Uswisi, Vanessa Nakate wa Uganda alipiga picha na wanaharakati wenzake wanne wazungu, naye akakatwa kwenye picha iliyosambazwa na shirika la habari la AP. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba picha ilipunguzwa kwa sababu ya jengo lililokuwa nyuma yake. Baadaye mhariri mkuu wa shirika hilo aliomba radhi. Ninamtaja kwa sababu kati ya Davos na Glasgow ni miezi isiyofika 22, na katika muda huo kijana wa Afrika Mashariki alitoka kukatwa pembeni mwa picha akawekwa katikati ya jukwaa. Hayo ni mabadiliko, na Nakate aliyalipia kwa machozi mbele ya dunia. Ila kukaa katikati ya picha bado ni kukaa kwenye picha.

Baada ya makofi

Mvua ambayo Wathuti aliisema haikurudi. Desemba 2021, wiki chache baada ya hotuba, mpiga picha aliruka juu ya hifadhi ya Sabuli kaunti ya Wajir na kupiga picha ya twiga sita waliolala wamekufa kwenye mchanga, karibu na kijiji cha Eyrib. Walikuwa wamekwama kwenye tope la bwawa lililokaribia kukauka, wakijaribu kunywa. Miili ilikokotwa kutoka bwawani ili maji yaliyobaki yasichafuke. Masika ya 2022 yakakosa, vuli ya 2022 ikakosa: misimu mitano mfululizo tangu 2020. Kufikia mwisho wa 2022 waliohitaji chakula Kenya walikuwa wamepita milioni nne. Aprili 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution walitoa hesabu yao kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliuongezea ukame ule uwezekano wa kutokea angalau mara 100. Alichokisema binti wa Nyeri barazani kilikuwa kweli, na kilikuwa kidogo kuliko kilichokuja.

Nikiulizwa na kijana aliyepata beji yake ya kwanza, nitamwambia aisikilize hotuba ya Wathuti, kisha asiifanye kuwa ramani yake. Aulize kwanza ni kipengele gani cha ajenda kinachogusa mto wa kwao. Aijue namba yake. Amtafute, wiki nyingi kabla ya safari, mtu wa wizara anayeshika kalamu ya nchi katika kipengele hicho, amwombe kazi, hata ya kuandika mihtasari, maana ujumbe mdogo haukatai mikono, na serikali kadhaa za Afrika siku hizi huwapa vijana beji za waridi. Asome rasimu ya mwaka uliopita pamoja na mabano yake. Na akija kualikwa jukwaani, aweke ndani ya dakika zake sentensi moja ambayo mjumbe anaweza kuinakili kwenye rasimu kama ilivyo.

Mfuko wa hasara na uharibifu hatimaye ulipatikana. Uliamuliwa Sharm el-Sheikh, Misri, katika COP27, ukaanza kuahidiwa fedha siku ya kwanza ya COP28 Dubai mwaka 2023, Falme za Kiarabu na Ujerumani zikitangulia kwa dola milioni 100 kila moja, na bodi yake sasa ina makao Ufilipino. Lakini uamuzi wenyewe ulipitishwa Jumapili tarehe 20 Novemba 2022, kabla ya mapambazuko, mkutano ukiwa umepita muda wake kwa zaidi ya siku moja. Hapakuwa na mshairi wala mgeni wa sherehe. Walikuwapo wajumbe waliochoka, karatasi ambazo mabano yake yalikuwa yameondolewa usiku ule, na rais wa mkutano, Sameh Shoukry, na nyundo yake. Tangu dakika nne za Wathuti hadi nyundo ile ulipita mwaka mmoja na siku 19, na huko Wajir watu walikuwa bado wanafukua mchanga.